Mboga ya Mwaka

Ukitaka kupanga chumba kwa Bi Kaltuma Stambuli, mtaa wa Shella, Malindi, jitayarishe kuhojiwa kama bwana harusi. Mimi niliulizwa kama navuta sigara, kama nina mchumba, kama mchumba mwenyewe anavuta sigara, na kama ni kweli kwamba sisi wasichana wa Ganze hatujui kutia pilipili mchuzini. Nilipomwambia kazi yangu ni kuchuma mimea na kuikausha, akafurahi mno. Alidhani mimi ni mganga. Mganga, alisema, ni mpangaji mwema, maana wezi humwogopa.

Jina langu ni Kadii, na si mganga. Nafanya kazi na mradi unaokusanya mimea ya pwani yetu, kuanzia Kilifi hadi ng'ambo ya Mto Sabaki. Nachuma tawi lenye maua au mbegu, nalilaza baina ya magazeti, nalibana kwa mbao na kamba mpaka likauke, kisha nalibandika kwenye karatasi ngumu na kuandika jina lake chini. Ni kazi ya kimya, lakini mimi mwenyewe si mtu wa kimya inapofika kwenye majina. Mtu akinionyesha bonde zima akasema "hayo ni magugu tu," mori hunipanda. Magugu gani? Yana baba na mama, yana ukoo.

Bi Kaltuma ni mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye ulimi usiolala na cheko linalosikika hadi msikitini. Asubuhi hutengeneza achari: ya embe, ya ndimu, ya birimbi. Chupa zake huzipanga juu ya ukuta wa ua ziote jua, na paka wote wa Shella wamejifunza kupita kando. Mumewe, Bwana Mansur, ni fundi wa friji mwenye kibanda chake mtaa wa Barani. Hasemi mengi, nadhani alishaona kwamba nyumba moja inatosheka na msemaji mmoja. Jioni huketi mlangoni akimmenyea mkewe vitunguu saumu, naye mkewe humsimulia mambo ya siku nzima, pamoja na yale aliyoyashuhudia Mansur mwenyewe. Ni watu waliotosheka. Nimekaa nao muda mrefu na sijaona siku waliyolala wamenuniana.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkaa Bi Kaltuma kooni, nalo ni achari ambayo hakuiweza.

Marehemu mama yake, aliyejulikana na watu wote kama Mama Rufaida kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa mtu wa Mambrui. Huko, nyuma ya mikoko, kuna wangwa, yaani ile ardhi tupu ya tope na chumvi ambayo maji makuu ya bamvua huifunika, kisha maji yakipungua inaachwa ikauke ipasuke. Humo humea mmea usio na majani ya kuitwa majani. Ni vijiti vya kijani vilivyonona, pingili juu ya pingili, kama shanga zilizotungwa, na ukivunja pingili moja hutoka maji ya chumvi. Kwa kina Kaltuma huitwa mboga ya wangwa. Mama Rufaida alikuwa akiitia kwenye siki na pilipili, haradali na kitunguu saumu, bila kuongeza chumvi hata chembe, kwani mboga yenyewe imeshiba chumvi. Achari hiyo, wanavyosema waliobahatika kuila, ilikuwa inakatika mdomoni kama tango changa. Tangu alipofariki hakuna aliyeiweza tena.

Si kwamba Bi Kaltuma hakujaribu. Alijaribu kila mwaka, na kila mwaka ilitoka na nyuzi. Unatafuna, pilipili sawa, siki sawa, kisha unabaki na uzi mgumu wa mti katikati ya meno. Hata hivyo, siku ya hitima ya mama yao, yaani kisomo cha kila mwaka cha kumwombea, aliichukua chupa ya achari hiyo hadi Mambrui kwa dada yake Rufaida, kwa sababu hitima ya mama yao bila achari ya mama yao haikumwingia akilini. Rufaida aliionja mbele ya wanawake wote. Aliutoa ule uzi kinywani kwa vidole viwili, akauweka ukingoni mwa sahani, akaendelea na pilau yake.

"Angenitukana ingekuwa afadhali," Bi Kaltuma aliniambia siku moja tukiwa uani. "Tusi nitalijibu. Uzi nitaujibu nini?"

"Pengine ni siki," nikamwambia.

"Si siki. Mama hakunambia siri yake." Alikuwa ameshika chupa, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi. "Mama alikuwa na hasira na mimi, Kadii."

Hapo ndipo aliponisimulia. Mume wake wa kwanza alichaguliwa na mama yake, mtu wa jamaa, mwenye adabu zake zote, na ndoa ile haikumpa raha. Alipoachwa na akamtaka Mansur, fundi asiyejulikana kwao wala kwa nani, mama yake alimsusa. Hakukanyaga Shella, wala hakutuma salamu. Baadaye wakapatana, kwa maneno machache, kama wanavyopatana watu wanaopendana. Hata maradhi yake ya mwisho Mama Rufaida aliuguzwa nyumba hii hii, na Mansur ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka uani apate jua. Siku moja Kaltuma akamwuliza kwa upole, "Mama, ile achari ya mboga ya wangwa, siri yake ni nini?" Mama akamjibu, "Achari ile yataka mboga ya mwaka, basi." Akageukia ukutani akalala.

"Mboga ya mwaka, basi," Bi Kaltuma akarudia. "Nami nikayashika kama yalivyo."

Hapa lazima nilieleze neno, kwa msomaji asiyekuwa mtu wa kwetu. Sisi wa pwani hii, Waswahili wa mjini na Wagiriama wa bara pamoja, tukisema mwaka si lazima tuwe tunahesabu miezi kumi na miwili. Mwaka pia ni mvua kubwa, ile ya kupandia mahindi. Kwetu Ganze mtu akikwambia "mwaka umeingia" hakutakii heri. Anakuuliza jembe lako liko wapi. Kwa hiyo kila mvua kubwa ilipoanza, Bi Kaltuma alijitanda leso, akaenda hadi Mambrui, akaingia wangwani kwenye tope la magoti na kuchuma mboga ya wangwa iliyorowa ikameremeta. Mboga ya mwaka. Nani angemwambia amekosea? Mimi mwenyewe niliyesomea mimea, niliposikia maneno hayo nilisema ni sawa kabisa, mvua huulainisha mmea.

Utotoni hakuwahi kuiona ikichumwa. Ilikuwa ikiletwa ndani ya kikapu na mama mkubwa wao, ambaye naye keshafariki, ikiwa imeshakatwa na kuoshwa. Alichokumbuka Kaltuma ni kikapu hicho, na jua kali la uani siku ya kuianika. Akili ilimkumbusha jua, neno likamwambia mvua, naye akalifuata neno la mama. Ilipotoka na nyuzi akasema basi, kuna kitu cha pili ambacho sikuambiwa, na nimenyimwa kwa ajili ya Mansur.

Aliyasema haya huku anatabasamu, kwa kuwa ni mtu wa kutabasamu, lakini mimi nilimwonea huruma sana. Kunyimwa mapishi si neno. Kunyimwa na mama uliyemwuguza kwa mikono yako ni neno kubwa.

Mwaka huu mkubwa wetu wa kazi alituagiza tumalize mimea ya wangwa wote, kutoka Mida hadi Mambrui, na akataka kila mmea uandikiwe maelezo kwa Kiswahili ili watoto wa shule na wenyeji wasome wenyewe. Mvua zilikuwa zimekwisha, jua limerudi. Nikarudi nyumbani na furushi la matawi, na kwa kuwa chumba changu hakina meza, nikayatandaza kwenye meza ya Bi Kaltuma ya kulia wageni.

"Meza yangu umeigeuza makaburi," akasema alipoingia na sahani ya mahamri. "Haya, na maiti hawa wawili ni kina nani? Hii si mboga yangu ya wangwa?"

"Ndiyo hii," nikasema. "Na hii pia, kwa mujibu wenu. Lakini si mmea mmoja, Bi Kaltuma. Nyinyi mmewapa watu wawili jina moja."

"Mbona wafanana?"

"Wanafanana kwa kuwa wanaishi katika taabu moja. Keti nikuonyeshe."

Akaketi, maana hakatai kisa, hata cha majani. Nikamwambia kwamba wote wawili ni wa ukoo wa mchicha.

"Mchicha huu wa sokoni?"

"Huo huo. Mchicha ulibaki shambani ukapanua majani. Ndugu zake hawa walikwenda kuishi chumvini. Chumvi humnyang'anya mtu maji, kwa hiyo wakaacha mambo ya majani, yasije yakawapotezea maji bure, wakajaza maji mashinani. Chumvi wanainywa, lakini wanaifungia ndani ya maji hayo isiwadhuru. Ndiyo maana wamenona."

"Hao ni watu wa pwani," akasema. "Taabu yawanenepesha."

Nikamsogezea wa kwanza, ule uliokuwa na shina la kahawia chini. "Huyu alipewa jina na mtaalamu mmoja wa Ulaya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, akatiwa katika nyumba ya Salicornia, yaani pembe za chumvi. Wakaja wengine, wakamchunguza, wakasema si wa hapo, wakampeleka nyumba ya Arthrocnemum. Akakaa huko miaka mingi. Kisha akapelekwa Halosarcia. Mimi nikiwa shule ya msingi akahamishwa tena, na sasa yuko Tecticornia. Jina lake mwenyewe ni indica, na hilo halikubadilika hata mara moja."

"Kaolewa mara nne," Bi Kaltuma akasema kwa heshima, "na jina la kwao hakulitupa. Huyo ni mwanamke wa Kiswahili kamili. Mimi nimeolewa mara mbili tu, watu wamesema mpaka wamechoka."

Bwana Mansur, aliyekuwa mlangoni na vitunguu saumu vyake, akainua kichwa. "Na huyu mume wa nne ndiye wa mwisho?"

"Wataalamu hawajasema," nikamjibu.

"Basi na akae macho," akasema, akarudi kwenye vitunguu.

Bi Kaltuma akaunyooshea kidole mmea wa pili. "Na huyu?"

"Huyu ndiye Salicornia wa kweli. Hajatoka kwao." Nikampa kioo changu cha kukuzia. "Tazama maua, hapo kwenye pingili za juu."

Maua yenyewe ni madogo mno, yamezama ndani ya mnofu wa pingili, matatu matatu kila upande. Kwa huyu Salicornia, ua la kati limepanda juu ya wenzake, hivyo yamekaa kama mafiga. Kwa yule aliyeolewa mara nne yamejipanga safu moja. Bi Kaltuma alitazama kwa jicho moja, akabadilisha jicho, akasema mafiga ameyaona lakini safu haioni. Sikumlaumu. Mimi chuoni nilikaa muhula mzima nikiitikia tu kwamba nimeona.

"Haya, nisomee ulivyoandika," akasema, akamega hamri.

Nikachukua kibandiko cha ule wa kwanza nikasoma: "Kichaka cha wangwani chenye shina la mti. Huishi miaka mingi. Matawi yake hutambaa na kuota mizizi." Nikachukua cha pili: "Mmea laini wa wangwani. Ni mmea wa mwaka. Mbegu yake huchipua mvua inapopunguza chumvi ya ardhi, hunona jua likirudi, kisha hugeuka mwekundu, hutoa mbegu na kufa."

"Soma tena."

"Mmea laini wa wangwani..."

"Hapo pa mwaka."

"Ni mmea wa mwaka."

Akaliweka hamri chini. "Mbona waandika wa mwaka, nawe wasema wanona jua likirudi?"

"Si mwaka wa mvua, Bi Kaltuma. Ni mwaka huu wa kuhesabu. Maana yake unaishi mwaka mmoja tu, unakufa. Ule mwingine unaishi miaka na miaka, ndiyo maana ndani umeshika..."

Sikumaliza. Nilikuwa nataka kusema umeshika mti. Bi Kaltuma alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza. Mansur naye aliacha kumenya.

"Mboga ya mwaka," akasema polepole. "Si mboga ya mvua. Ni mboga iishiyo mwaka." Akanitazama. "Na yule wa miaka ndiye mwenye uzi."

"Ndiye mwenye uzi," nikasema, na hapo ndipo na mimi akili iliponifunguka.

"Na mvua ikinyesha, huyu wa mwaka yuko wapi?"

"Ndiyo kwanza anatoka ardhini. Ni mdogo kama punje ya mchele. Utamkanyaga usimwone."

"Basi nimemkanyaga. Miaka yote hii nimemkanyaga nikienda kumchuma mwenziwe." Machozi yakamtoka, na papo hapo akaanza kucheka, akajifuta kwa ncha ya leso, yakatoka mengine. "Mansur, wasikia? Mama hakunificha. Alinambia. Alinambia neno zima, na mimi nikasikia mvua."

"Nimesikia," Mansur akasema. Akakitazama kitunguu kilichokuwa mkononi mwake kwa kitambo. "Kumbe na mimi alishanisamehe."

Mimi nilijifanya napanga vibandiko.

Kesho yake tulikuwa Mambrui, wangwani, kabla jua halijawa kali. Bi Kaltuma alitembea mbele yangu kama mwenye shamba. Nilimfundisha namna ya kuwatofautisha bila kioo: ukiushika wa mwaka ukauvuta, unang'oka wote na kijizizi chake chembamba, ule wa miaka utakuvunja kucha na hautoki. Alivuta mmoja, ukamfuata mkononi. Akauinua juu, kijani kitupu toka chini hadi juu, hauna kahawia hata kidogo, akautafuna hapo hapo. Nilimngoja. Alimeza, akapitisha ulimi kwenye meno, akatafuta, hakukuta kitu.

"Shikamoo, Mama," akasema, wala hakuwa akinitania mimi.

Baada ya hapo tuligombana kidogo, maana alitaka kujaza kikapu. Nikamwambia huyu hana mizizi ya kubaki wala tawi la kuchipua tena. Akiba yake yote ni mbegu, na tukimng'oa tunamaliza ukoo. Tukate ncha tu, kwa kisu, na tuache wengi wasimame. Alininunia kidogo, akahesabu moyoni faida na hasara, kisha akasema, "Sawa. Tumwachie na yeye watoto wake." Tukakata ncha.

Msidhani mambo yalinyooka. Achari ya kwanza iliharibika. Bi Kaltuma alikuwa amezoea kuchemsha ile ya miaka kutwa nzima akitumaini itasalimu amri, na mkono wake ulikuwa haujui mwendo mwingine. Aliifunika sufuria, akaenda kwa jirani kusimulia habari hii tangu mwanzo, na aliporudi akakuta uji wa kijani. Alisonya kwa namna ambayo hata paka waliondoka. Tukarudi Mambrui. Mara ya pili aliitia mboga kwenye maji yanayotokota, akaigeuza, akaipua, akaimwagia maji baridi, yote hayo akiwa amemkataza Mansur asimsemeshe. Akaianika uani kwenye jua, kwenye mkeka, na aliponyooka akabaki amesimama akiutazama ule mkeka. Hakuniambia anawaza nini. Nilijua ni lile jua la utotoni.

Hitima iliangukia mwezi wa Mfungo Sita, achari ikiwa imekwisha kuiva. Bi Kaltuma alinichukua twende wote. Mimi ni Mkristo wa Ganze, lakini katika hitima ya Mambrui mikono ya kupakua pilau haiulizwi dini, na leso ya kujifunika aliniazima yeye. Safarini chupa aliipakata kama mtoto aliyelala.

Rufaida ni mwalimu wa chuo cha Kurani, mrefu, mwembamba, mwenye maneno ya kuhesabu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Rufaida," akanijibu "Marahaba, karibu, mwanangu," na hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kabla ya chakula. Kisomo kikaisha. Sinia zikaletwa. Sisi watatu tulikaa sinia moja pamoja na mashangazi wawili, na katika nyumba ile desturi ni kwamba mkubwa hujitilia kitoweo kwanza, wadogo hungoja. Bi Kaltuma akaifungua chupa, akaisogeza mbele ya dada yake, akaweka mikono mapajani.

Rufaida alichukua kidogo kwa kijiko, akala. Nilimtazama taya. Alitafuna, akatafuna, kisha vidole viwili vikapanda mdomoni kwa mazoea, vikabaki hapo, havina cha kutoa. Akavishusha. Akala kijiko cha pili. Mashangazi walikuwa na yao, wakisemezana habari za arusi ya mtu.

"Hii umeipata wapi?" akauliza, hamtazami mdogo wake.

"Wangwani hapo kwenu."

"Nani kakwonyesha?"

"Mama," Bi Kaltuma akasema.

Rufaida akakiweka kijiko chini. "Basi leo umeamua kuitoa."

"Kuitoa nini?"

"Ya kweli." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama alikaa kwako mwisho wake. Mimi nilipokuja kumtazama nilimwuliza siri ya achari, akanambia yataka mboga ya mwaka, basi. Nikajua yuwanifukuza. Mboga ya mwaka, kila mtu aijua. Nilikwenda mvua moja, nikapata kuni, nikaacha. Nikasema ya kweli kamwachia kitinda mimba wake aliyemwuguza. Waila Shella wewe na mumeo, na mimi aliyeitwa kwa jina langu waniletea nyuzi. Ule uzi nilikuwekea kwenye sahani ujue kwamba nimejua."

Bi Kaltuma akanigeukia mimi, kama ninayejua kila kitu. Nikatikisa kichwa. Maneno haya hayakuwa yangu.

"Dada," akasema mwishowe, "hata mimi alinambia hilo hilo. Mboga ya mwaka, basi. Hakuongeza hata herufi." Kisha akamweleza: ule wa miaka na ule wa mwaka, uzi na mnofu, mvua aliyoisikia yeye na kuhesabu alikokusudia mama yao. Alieleza kwa haraka na kwa kurudia, akawaingiza mafiga na mchicha na mwanamke aliyeolewa mara nne, mashangazi wakaacha arusi yao wakasikiliza. Rufaida hakumkatiza. Alipofika mwisho, Rufaida alivuta mtandio wake ukamfunika uso, mabega yakaanza kutikisika, na hatukujua kama analia au anacheka mpaka sauti ilipotoka, ikawa ni yote mawili.

"Nyumba yangu na wangwa, nikitupa kiatu kitafika," akasema ndani ya mtandio. "Na yeye Mama, jamani. Angeongeza neno moja tu."

"Uchache wa maneno umeurithi wewe," Bi Kaltuma akamwambia, naye machozi yanamtiririka. "Mimi nimerithi kelele za baba."

"Alituambia sote," Rufaida akasema.

"Sote wawili. Sawasawa."

Rufaida akajifuta uso, akauweka mtandio vizuri. Akakichukua kijiko, akaivuta chupa karibu, akamtilia mdogo wake kwanza, kisha akajitilia mwenyewe.